Kufundisha Chuo Kikuu Huku Ukifanya Utafiti wa Uzamivu katika Sayansi ya Neva ya Lugha ya Kikokotozi: Mwongozo Kamili

Sayansi ya neva ya lugha ya kikokotozi ni taaluma inayochunguza ukokotoaji unaofanyika ndani ya ubongo pale mtu anaposikia, anaposoma au anapotunga sentensi, na hufanya hivyo kwa kulinganisha modeli za kompyuta na vipimo vya ubongo wa binadamu. Anayesomea uzamivu katika taaluma hii mara nyingi hupewa pia jukumu la kufundisha, ama kwa kuongoza mazoezi ya kozi ya profesa, ama kwa kubeba semina nzima mwenyewe. Mzigo huu wa pande mbili upo katika taaluma zote, lakini hapa una ugumu wake wa pekee: data hukusanywa polepole kwa mashine zinazogombaniwa na watafiti wengi, na darasa hujaa wanafunzi wa isimu, wa saikolojia na wa sayansi ya kompyuta ambao kila mmoja amelelewa katika desturi tofauti ya kuuliza na kuthibitisha.

Ushauri unaouongoza mwongozo huu wote ni mmoja: panga mambo ili kila mbinu uifundishe muhula mmoja kabla ya kuihitaji kwa dhati katika tasnifu yako. Anayelazimika kueleza mbinu mbele ya watu ishirini wenye maswali hugundua mapema mahali ambapo uelewa wake una pengo, na pengo hilo huzibwa kwa gharama ndogo zaidi darasani kuliko linapogunduliwa na wahakiki wa jarida au na watahini wa tasnifu. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kulifanikisha hilo bila kuwatumia wanafunzi kama vibarua na bila kuuharibu utafiti wenyewe.

Hatua ya kwanza: Yajue masharti kabla muhula haujaanza

Soma mkataba wako na kanuni za idara, kisha tafuta majibu ya maswali ambayo mara nyingi hayakuandikwa popote. Je, saa za kufundisha zinazotajwa ni za darasani pekee, au zinajumuisha maandalizi, usahihishaji na kuonana na wanafunzi? Ni nani anayetunga mtihani, na ni nani anayejibu mwanafunzi anapokata rufaa kuhusu alama? Je, kozi hiyohiyo itarudi mwaka ujao, au utapewa nyingine? Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote, kwa kuwa kozi inayofundishwa kwa mara ya kwanza hudai maandalizi mengi kuliko ile inayorudiwa. Ikiwa una nafasi ya kuomba jambo moja tu, omba kurudia kozi ileile kwa miaka miwili au mitatu mfululizo.

Baada ya hapo, kaa na msimamizi wako na muandike kwa pamoja ukurasa mmoja unaoeleza ni majuma yapi ya mwaka yatakuwa ya kukusanya data, ni yapi yatamezwa na usahihishaji, na ni siku zipi za juma hazitaguswa na shughuli za ufundishaji. Maelewano ya mdomo husahaulika haraka pale idara inapopungukiwa na walimu katikati ya mwaka.

Hatua ya pili: Ichore tasnifu kama mfuatano wa mbinu

Wengi huichora tasnifu yao kama mfuatano wa sura. Kwa madhumuni yetu ni bora uichore kama mfuatano wa mbinu, kwa sababu mbinu ndizo zinazofundishika. Chukua tasnifu ya kawaida yenye tafiti tatu: ya kwanza inachambua upya data zilizokwisha kuwekwa wazi kwa umma, ya pili ni jaribio lako mwenyewe la EEG, yaani kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo kupitia elektrodi zilizowekwa kichwani, na ya tatu inalinganisha modeli kadhaa za lugha, yaani programu zinazokadiria uwezekano wa kila neno kutokea, na data za fMRI, yaani picha za mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Tafiti hizo zinahitaji, kwa mfuatano, kukokotoa sifa za maneno kutoka kwenye modeli ya lugha, kusafisha mawimbi ya EEG, kutumia takwimu zenye athari mchanganyiko (zinazozingatia kwamba washiriki na maneno hutofautiana), na kujenga modeli za usimbaji zinazotabiri mwitikio wa ubongo kutokana na maandishi. Ukiwa na orodha hiyo mkononi, unaweza kuiona mihula minne ya ufundishaji ikijipanga yenyewe.

Ninasisitiza kwamba utafiti wa kwanza utumie data za wazi. Haukulazimishi kusubiri zamu ya mashine, na data hizohizo unaweza kuzipeleka darasani mradi masharti ya matumizi yanaruhusu. Mkusanyo uitwao Narratives, uliochapishwa mwaka 2021, una data za fMRI za watu 345 waliosikiliza hadithi 27. Mkusanyo wa MOUS una data za fMRI na MEG (kipimo cha sumaku inayotokana na umeme wa ubongo) za wasemaji 204 wa Kiholanzi waliosoma au kusikiliza sentensi. Mkusanyo wa ZuCo unaunganisha EEG na mwendo wa macho wakati wa kusoma, na ingawa una washiriki 12 tu katika toleo lake la mwaka 2018, unafaa sana darasani kwa kuwa kila neno lina wakati wake kamili wa kutazamwa. Chagua mmoja na uufahamu kwa undani. Kuifahamu data moja hadi kujua ni mshiriki gani alisinzia na ni rekodi gani ina kelele ya umeme kuna manufaa makubwa kuliko kuzifahamu tano kijuujuu.

Hatua ya tatu: Ijenge kozi kutokana na njia ya uchambuzi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Anza kozi kwa swali, wala si kwa zana. Juma la kwanza linafaa kutumiwa kueleza ngazi tatu za uchambuzi alizozipendekeza David Marr katika kazi iliyochapishwa mwaka 1982: ngazi ya ukokotoaji inayouliza mfumo unatatua tatizo gani na kwa nini, ngazi ya algoriti inayouliza ni kwa hatua zipi, na ngazi ya utekelezaji inayouliza ni kwa nyenzo gani za kimwili. Mwanafunzi aliyezielewa ngazi hizi hatadhani kwamba kuonyesha eneo la ubongo lililowaka ni sawa na kueleza namna sentensi inavyoeleweka.

Juma la pili na la tatu zieleze ishara zenyewe na mipaka yake. EEG hupima mara mia kadhaa au hata elfu moja kwa sekunde, lakini haisemi kwa uhakika ishara imetoka sehemu gani ya ubongo. fMRI huonyesha mahali kwa milimita chache, lakini hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu, ambayo hufika kilele sekunde 5 hadi 6 hivi baada ya tukio, na kwa mwendo huo maneno kumi au zaidi yanaweza kuwa yamepita tayari. Tumia wimbi la N400, lililoripotiwa na Marta Kutas na Steven Hillyard mwaka 1980, kama mfano wa kurudiwarudiwa muhula mzima. Mtu akisoma “Mwalimu alifuta ubao kwa mlango” badala ya “Mwalimu alifuta ubao kwa dasta”, mkondo hasi wa umeme huongezeka takribani milisekunde 400 baada ya neno lisilotarajiwa kuanza kuonekana. Mfano huu mmoja unabeba kila kitu ambacho kozi inahitaji: kichocheo, ishara, wastani, takwimu na nadharia.

Kutoka hapo ni hatua fupi kuingia kwenye ukokotoaji. John Hale mwaka 2001 na Roger Levy mwaka 2008 walipendekeza kwamba ugumu wa kulichakata neno unalingana na kiasi cha kutotarajiwa kwake, yaani logarithimu hasi (hapa yenye kizio cha 2, na kipimo chake ni biti) ya uwezekano wa neno hilo kutokea kwa kuzingatia maneno yaliyotangulia. Wape wanafunzi wafanye hesabu hiyo kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta: neno lenye uwezekano wa 1/2 lina biti 1, lenye 1/8 lina biti 3, na lenye 1/1024 lina biti 10. Wakishaona kwamba kiasi hiki kinapanda kwa logarithimu, ndipo wafungue modeli ya lugha na kukokotoa thamani za maandishi halisi. Katika zoezi hilo kuna mtego ambao lazima uuoneshe wazi. Modeli nyingi za sasa haziyapokei maneno mazima, bali huyakata vipande, na neno refu kama “hatutawaandikia” linaweza kugeuka vipande vitano au sita. Kiasi cha kutotarajiwa kwa neno zima ni jumla ya viasi vya vipande vyake, kila kimoja kikikokotolewa kwa kuzingatia vilivyotangulia. Anayechukua kipande cha kwanza peke yake au anayetafuta wastani atapata namba isiyo na maana katika nadharia hii. Lugha zenye viambishi vingi hulifunua kosa hili haraka kuliko Kiingereza, na kwa hiyo ni vizuri zoezi lifanywe kwa lugha mbili au zaidi.

Sehemu ya pili ya kozi iwe ya modeli za usimbaji. Makala ya Tom Mitchell na wenzake ya mwaka 2008 ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa sababu kila kitu ndani yake kinaweza kushikika: nomino 60, washiriki 9, na sifa za kila nomino zilizotokana na namna inavyoambatana na vitenzi 25 katika maandishi mengi. Wanafunzi wakiielewa hiyo, utafiti wa Alexander Huth na wenzake wa mwaka 2016, uliotumia saa kadhaa za hadithi zilizosikilizwa na washiriki 7, hautawatisha. Kisha wajenge modeli yao hatua kwa hatua: wageuze maandishi kuwa vekta, yaani safu za namba, wazicheleweshe ili zilingane na mwendo wa damu, wakokotoe regresheni (hesabu inayotabiri mwitikio kutokana na vekta hizo) yenye kizuizi cha ukubwa wa vigawo, halafu wapime utabiri kwenye data ambazo modeli haikuziona.

Tumia muda mwingi katika hatua hii ya mwisho ya upimaji, hata kama italazimu kuacha mada nyingine. Ishara ya fMRI ya sasa inafanana na ya sekunde iliyopita, hivyo anayechanganya nukta za wakati kiholela kati ya data za kuifundishia modeli na za kuipimia anavujisha majibu, na matokeo yake yatapendeza bila kuwa ya kweli. Tenga hadithi nzima au vipindi virefu vizima. Wafundishe pia kukadiria ukomo unaowekwa na kelele: ikiwa mwitikio wa mshiriki kwa hadithi ileile iliyorudiwa unawiana kwa 0.4 tu, modeli inayofikia 0.3 imefanya kazi kubwa, ilhali mtu asiyejua ukomo huo angeidharau. Na kila modeli ilinganishwe na sifa nyepesi, kama vile urefu wa neno, mara linazotumika, nguvu ya sauti na nafasi yake katika sentensi, kwa kuwa mara kwa mara sehemu kubwa ya ushindi wa modeli kubwa huwa imetokana na sifa hizo.

Hatua ya nne: Wapime wanafunzi ili ujue wanaanzia wapi

Katika kipindi cha kwanza toa maswali mafupi yasiyo na alama: soma msimbo huu mfupi wa Python na useme utachapisha nini, changanua sentensi hii, eleza maana ya thamani ya p ya 0.03. Majibu yatakuonyesha darasa ulilonalo kweli, na kwa kawaida halifanani na lile ulilolitarajia.

Kila kundi huja na dhana yake inayohitaji kunyooshwa. Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta huelekea kuamini kwamba uwiano mkubwa kati ya modeli na ubongo ni maelezo ya ubongo. Wanafunzi wa isimu huelekea kutafuta makazi ya sarufi, wakikumbuka kwamba Paul Broca mwaka 1861 na Carl Wernicke mwaka 1874 walihusisha majeraha ya maeneo fulani na matatizo fulani ya lugha. Waeleze kwa upole kwamba kujua eneo limeamka hakutoshi kujua ni shughuli gani ya akili inayoendelea, kwa kuwa eneo moja hushiriki katika shughuli nyingi. Wanafunzi wa saikolojia huwa na nidhamu ya majaribio lakini hutegemea mno wastani wa kundi. Kwa wote, mfano wa samaki aina ya samoni aliyekufa, uliowasilishwa na Craig Bennett na wenzake mwaka 2009, hufanya kazi vizuri: samaki huyo aliwekwa ndani ya mashine na “kuonyeshwa” picha za watu, na uchambuzi usiorekebisha wingi wa vipimo ulionyesha vokseli (vijisehemu vidogo vya picha ya ubongo) zilizo hai. Wape hesabu wenyewe: vokseli 50,000 zikipimwa kwa kigezo cha 0.05 (kinachoruhusu tokeo moja la uongo katika kila vipimo ishirini visivyo na athari) bila marekebisho, takribani 2,500 zitaonekana kuwa na athari hata kama hakuna athari yoyote.

Panga vikundi vyenye mchanganyiko wa taaluma, lakini zungusha majukumu kila majuma mawili. Pasipo kuzungusha, anayejua kuandika msimbo ataandika msimbo muhula mzima na anayejua isimu ataandika utangulizi, na hakuna atakayejifunza alichokosa.

Hatua ya tano: Andaa vifaa vya kufundishia kwa viwango vya utafiti

Kila zoezi la darasani lianze na data za kuiga ambazo jibu lake unalijua. Tengeneza mawimbi bandia ambayo kila biti ya kutotarajiwa inashusha volteji kwa nusu mikrovolti, ongeza kelele, kisha uone kama njia yako ya uchambuzi inairudisha nusu hiyo. Baada ya hapo weka athari iwe sifuri na urudie mara 1,000; ukitumia kigezo cha 0.05, matokeo chanya ya uongo yanapaswa kukaribia 50. Yakiwa 200, kuna kasoro katika uchambuzi, na umeigundua kabla haijaingia katika tasnifu. Zoezi hili la darasani ndilo hasa jaribio ambalo msimbo wa tasnifu unalihitaji, na watafiti wengi hulikosa kwa kuwa hakuna anayewalazimisha kulifanya.

Hifadhi msimbo wa darasani katika Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, pamoja na matoleo ya programu yaliyotumika, na panga data kwa kiwango cha BIDS, ambacho tangu mwaka 2016 kimekuwa mpangilio unaotambuliwa na zana nyingi za taaluma hii. Hakikisha kila zoezi linaendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya kawaida kwa dakika chache: kokotoa vekta za modeli kubwa mapema, toa washiriki wawili badala ya wote, na punguza idadi ya vokseli. Wala usiandike upya kilichokwisha kuandikwa vizuri. Vifaa vya MNE-Python (vya kuchambua EEG na MEG) na Nilearn (vya kuchambua fMRI) vina mifano iliyoelezwa kwa kina, na Neuromatch Academy, iliyoanza mwaka 2020, imeweka wazi mafunzo yake ya sayansi ya neva ya kikokotozi. Muda wako uutumie pale lugha inapokutana na ubongo, kwa sababu hapo ndipo vifaa vilivyo tayari ni vichache.

Mwanafunzi akigundua kosa katika msimbo wako, lirekebishe siku hiyohiyo, liandike katika kumbukumbu za mabadiliko pamoja na jina lake akikubali, na angalia mara moja kama kosa lilelile limo katika msimbo wa tasnifu.

Hatua ya sita: Panga juma na mwaka

Kusanya ufundishaji katika siku mbili zinazofuatana kadiri ratiba inavyoruhusu, na uzitumie siku hizo pia kwa saa za kuonana na wanafunzi na kujibu barua pepe zao. Siku inayofuata baada ya kufundisha huwa na uchovu. Iachie kazi za kusafisha data, kuanzisha programu zinazoendeshwa usiku kucha na kukagua matokeo yake. Uandishi wa tasnifu upewe asubuhi za siku zilizosalia. Weka pia kikomo cha maandalizi, kwa mfano saa tatu kwa kila kipindi cha kozi uliyokwisha kuifundisha, na ukifika kikomo simama, kwa maana slaidi za ziada mara chache huongeza uelewa wa mwanafunzi.

Kuhusu mwaka, mambo matatu yanastahili kuangaliwa mapema. Kwanza, ombi la kibali cha maadili huweza kuchukua majuma au miezi, hivyo liwasilishe katika muhula ambao mzigo wako wa kufundisha ni mkubwa, ili kipindi cha kusubiri kisipotee bure. Pili, washiriki wa majaribio hupatikana kwa urahisi katikati ya muhula na huadimika wakati wa mitihani na likizo, ilhali wewe una nafasi zaidi wakati wa likizo. Suluhisho ni kufanya jaribio la awali wakati wa likizo na watu wachache, kisha kukusanya data kamili katika majuma ya katikati ya muhula, kwa vikao viwili au vitatu kwa juma. Kikao kimoja cha EEG, pamoja na kuandaa elektrodi na kuosha nywele za mshiriki, humaliza sehemu kubwa ya asubuhi, hivyo usipange kufundisha mara tu baada yake. Tatu, linganisha tarehe za mwisho za mikutano ya kitaaluma na tarehe unazowapa wanafunzi kuwasilisha kazi zao. Tarehe za wanafunzi unazipanga wewe.

Hatua ya saba: Tahini kwa namna inayopima uelewa na kuokoa muda

Insha ndefu thelathini zitakumaliza. Badala yake, kipe kila kikundi kazi ya kurudia matokeo yanayojulikana, kama N400 au uhusiano wa kutotarajiwa kwa neno na muda wa kusoma, kwa kutumia data za wazi, na kiandike ripoti ya kurasa nne yenye michoro isiyozidi mitatu. Alama zitolewe kwa uwazi wa uamuzi uliofanyika na kwa uaminifu wa taarifa, hata kama athari haikuonekana. Kisha kila mwanafunzi aje kwa dakika kumi aeleze mistari ya msimbo unayoichagua wewe. Mazungumzo hayo mafupi huonyesha nani ameelewa na nani amenakili, iwe kutoka kwa mwenzake au kutoka kwa programu inayoandika yenyewe, na mwalimu hahitaji kuwa askari ili kulijua hilo.

Hatua ya nane: Weka mipaka ya kimaadili kabla haijahitajika

Mwanafunzi unayempa alama hayuko huru kabisa kukukatalia. Kwa sababu hiyo usiwaombe wanafunzi wako mwenyewe washiriki katika jaribio lako. Tangazo lipitie kwenye mfumo wa idara, aliyejiandikisha apokewe na mtafiti mwingine, na kama ushiriki unapewa alama za ziada, iwepo kazi nyingine yenye uzito uleule kwa asiyetaka kushiriki.

Jambo linalosahaulika zaidi ni fomu ya ridhaa. Ikiwa unatarajia siku moja kuzitumia data zako kufundishia, sema hivyo ndani ya fomu kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia maabara, kwa sentensi inayoeleweka na yenye nafasi ya kukubali au kukataa jambo hilo pekee. Kurudi kwa washiriki baada ya mwaka mmoja ni kazi ngumu, na wengine hawatapatikana kabisa. Hata ukiwa na ridhaa, picha za MRI ziondolewe uso kabla ya kufika darasani, kwa kuwa sura ya mtu inaweza kujengwa upya kutokana nazo, na rekodi za sauti zihesabiwe kuwa kitambulisho kamili. Waeleze wanafunzi pia wafanye nini wakiona kitu kisicho cha kawaida katika picha ya ubongo: wakunyamazie darasani, wakuambie faraghani, nawe ufuate utaratibu uliokubaliwa na kamati ya maadili.

Upo mpaka mwingine unaohusu sayansi yenyewe. Nikolaus Kriegeskorte na wenzake walionyesha mwaka 2009 namna uchambuzi unaochagua na kupima kwa kutumia data zilezile unavyozalisha athari zisizokuwepo. Darasa la watu ishirini likizichambua data za tasnifu yako kwa njia ishirini, nawe ukaona ni njia ipi iliyopendeza, umeingia katika hatari hiyohiyo bila kukusudia. Kwa hiyo sajili mpango wa uchambuzi kabla data hazijaonwa na mtu yeyote, tenga sehemu ya kupimia, na sehemu hiyo isifike darasani hadi makala ikubaliwe. Darasani zitumike data za wazi au zile za jaribio la awali.

Ikiwa mwanafunzi anataka kazi yake iendelee hadi kuwa sehemu ya utafiti wako, kubalianeni kwa maandishi kuhusu uandishi wa pamoja kabla hajaandika mstari wa kwanza wa msimbo. Kazi ya kozi ni ya mwanafunzi, na alama aliyopata si malipo ya wewe kuichukua.

Hatua ya tisa: Mwaka wa mwisho

Katika mwaka wa kuandika usikubali kozi mpya hata ikiwa mada yake inavutia. Omba kupunguziwa mzigo, au urudie ile kozi ambayo vifaa vyake vimekamilika. Maelezo uliyoyanoa darasani kwa miaka miwili yageuze kuwa sura ya mbinu: maswali yaliyoulizwa tena na tena na wanafunzi ndiyo yatakayoulizwa na watahini, na majibu yake unayo tayari. Weka pamoja silabasi, mazoezi, vigezo vya alama na tathmini za wanafunzi katika jalada moja, kwa sababu nafasi nyingi za uhadhiri huomba uthibitisho wa ufundishaji pamoja na orodha ya machapisho.

Miezi mitatu kabla ya kuondoka, mkabidhi mtafiti anayekufuata hazina ya msimbo yenye maelekezo, fungua naye kila zoezi kwenye kompyuta yake ili kuhakikisha linaendeshwa, na umwandikie katika ukurasa mmoja ni majuma yapi huwa magumu kwa wanafunzi wa isimu na ni yapi huwa magumu kwa wanafunzi wa kompyuta.